Siku Niliyomrudisha Mbiti

Siku mbili baada ya kumzika mama, mimi na ndugu yangu tuliketi sakafuni chumbani mwake tukipanga vitu alivyoacha. Havikuwa vingi. Vitambaa vya kichwa vya kwendea kanisani, Biblia yenye jalada la kitambaa alilolishona mwenyewe, miwani yenye kioo kimoja, na chini kabisa ya sanduku la bati, kipande cha gunia la mkonge cha kutosha kumlaza mtoto mchanga. Kilikuwa kimefuliwa na kukunjwa mara nne. Ndugu yangu alikinusa, akakunja uso. "Hii takataka alikuwa anaweka ya nini?" akasema, akakitupa kwenye rundo la vitu vya kuchomwa.

Nilikiokota. Harufu ya mkonge mkavu ilikuwa bado imo, imechanganyika na moshi wa jikoni. Nililijua gunia lile, kwa sababu nililiona likitandikwa, na kwa sababu tangu utotoni nimebeba siri iliyoanzia juu yake. Niliahidi nisiiseme. Aliyenitaka niahidi hivyo ndiye tuliyekuwa tumemfukia juzi.

Ndugu yangu anaitwa Mbiti. Kwa Kikamba mbiti ni fisi. Kanisani aliandikwa Daudi na ndilo lililo kwenye kitambulisho chake, lakini kwetu, mbele kidogo ya Kwa Vonza, ambako mto ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, hakuna aliyewahi kumwita Daudi. Mimi naitwa Mwende, yaani aliyependwa. Mtu asiyetujua akisikia kwamba majina hayo mawili yametoka tumbo moja atafikiri mama yetu alikuwa na roho mbaya. Ndugu yangu amefikiri hivyo kwa muda mrefu, ingawa kwa upole wake hajawahi kulisema wazi.

Kati yangu na yeye walikuwapo watoto wawili. Wa kwanza nilisimuliwa tu. Wa pili nilimwona, msichana mwenye nywele nyingi, na mama alikuwa akimwimbia kutwa nzima na kumwonyesha kila mgeni aliyepita. Alikufa kabla ya kuota jino. Baada yake mama hakuimba tena. Kwa hivyo Mbiti alipozaliwa, Susu, yaani nyanya yetu mzaa baba, alisema safari hii hatutafanya ujinga. Asubuhi moja alimtoa mtoto kitandani, akatandika kile kipande cha gunia kando ya njia karibu na jalala, akamlaza hapo uchi. Akageukia vichaka akasema kwa sauti, "Mbiti, kuja uchukue kitu yako. Sisi haka hatukataki." Kisha tukaingia ndani sote na mlango ukafungwa.

Haikupita muda hodi ikapigwa. Alikuwa Mama Syombua, jirani yetu, amembeba mtoto pamoja na gunia lake. "Nimeokota mtoto wa mbiti huko njiani," akasema. "Mnaweza kunilelea?" Susu alimtazama mtoto kama anayekagua boga lililooza upande mmoja. "Lete basi," akajibu. "Tutakalisha tu, lakini si ketu." Mama akampokea bila kumwangalia usoni. Hakuna aliyecheka wala aliyenikonyeza jicho.

Siku hizi nikiongea na wenzangu wa rika langu, wengine wanasema kwao pia mambo hayo yalifanywa. Mtoto aliyefuata wenzake waliokufa alipewa jina la kitu kisichotamaniwa na mtu, akatupwa kwa mchezo, akaokotwa, ili kifo kikipita pale kisione cha kuchukua. Tunacheka kidogo. Lakini wakati ule nilikuwa na miaka kama saba na hakuna aliyeniambia kwamba ni mchezo. Nilichoelewa ni kwamba mtoto wetu ana mwenyewe, na mwenyewe ni fisi, na sisi tumeombwa tu kumshikia.

Yote yaliyofuata yalinithibitishia hivyo. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Mchungaji alipomwombea mtoto, mama alisema amina kwa sauti kuliko watu wote, kisha tulipofika nyumbani akamvua gauni jeupe alilovalishwa na kumrudishia fulana yake iliyotoboka kwapani. Alimwamini Mungu kabisa. Ila alikuwa amezika wawili. Hakumbusu Mbiti mbele ya mtu. Uso wake uliachwa na makamasi hadi saa sita mchana. Aliulizia chakula chake kwa kusema, "Hako kafisi kamekula?" Mgeni akisifu mashavu yake, mama aliharakisha kumkatiza, "Hayo ni mafuta tu ya ugonjwa." Mimi nikahitimisha kwamba hampendi. Niliona pia kwamba kila akilala kiganja chake kilikaa mgongoni mwa mtoto, lakini hilo sikulitilia maanani.

Kisha mvua ikakosa kuja, na iliyofuata nayo ikakosa. Nyani walishuka vilimani wakaingia hadi jikoni kwa Mama Syombua wakabeba sufuria yenye maharagwe. Digidigi walikuja kulamba mahali tulipomwagia maji ya vyombo. Halafu tukaanza kuona kinyesi cheupe njiani, kile ambacho watoto tulikiokota na kuandikia ukutani badala ya chaki, na Susu akasema fisi amekaribia. Aliyekuja alikuwa mmoja, mzee, mguu wa mbele umevunjika zamani ukaunga vibaya. Pengine wenzake walikuwa wamemwacha. Hakuweza tena kuwinda wala kungoja giza, kwa hivyo alikuja mchana kweupe, akakaa karibu na kichuguu kikubwa kilichokuwa nje ya ua wetu wa miiba, penye shimo lililochimbwa na muhanga. Alikaa akituangalia. Tulipiga mabati, akainuka polepole, akaingia vichakani, na kesho yake akarudi palepale.

Siku moja jioni, jua likiwa bado juu ya miti, alimchukua mtoto wa mbuzi wangu. Mbuzi huyo aliitwa Madoa na nilipewa na Susu nilipoanza shule. Madoa alilia hadi asubuhi, kiwele kimejaa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Mama Syombua alipokuja kutupa pole alikaa na Susu kivulini mwa ghala, na mimi nilikuwa nyuma yao nikipeta pojo.

"Lakini huyu mnyama anataka nini kwenu?" Mama Syombua akauliza. "Si mbuzi wako kila boma? Kwa nini kwenu tu?"

Susu akatema mate kando. "Amekuja kuona mtoto wake," akasema.

Wakatoa kicheko kifupi kisicho na furaha. Mimi niliacha kupeta. Kumbe ndilo jambo lenyewe. Fisi amengoja sana. Amekuja kwa heshima, mchana, akakaa nje ya ua kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, na sisi tunampigia mabati. Ndiyo maana amechukua mtoto wa Madoa, kwa sababu wake hatumpi. Kesho atamchukua Madoa mwenyewe. Nililala nikilifikiria hilo na sikuliona lina kasoro yoyote. Watu wazima walikuwa wakatili, na kama hakuna wa kufanya lililo sawa, ningelifanya mimi.

Kesho yake mama aliondoka asubuhi kwenda mtoni kuchimba mchanga kutafuta maji, kazi iliyomchukua hadi saa sita kwa sababu maji yalikuwa yamezama. Susu alikuwa ameenda kwenye matanga ya mtu wa ukoo. Nilibaki na Mbiti, ambaye alikuwa anaweza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa. Mama alikuwa amenifundisha kwamba chombo cha jirani unakirudisha ukiwa umekiosha, na kwamba si adabu kukirudisha kikiwa hakina kitu ndani. Kwa hivyo nilimwosha Mbiti. Nilitumia maji yote yaliyobaki kwenye mtungi, maji ya kunywa, nikamsugua masikio na shingo, nikampaka mafuta hadi akang'aa, nikamvalisha gauni jeupe la kanisani. Nilimwona kwa mara ya kwanza alivyo. Alikuwa mtoto mzuri sana. Nilimpakulia muthokoi wa jana kwenye jani la mbono, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ili asirudi mikono mitupu.

Nilimbeba mgongoni hadi kwenye kichuguu. Fisi hakuwapo, lakini harufu yake ilikuwapo, harufu ya ngozi mbichi iliyoachwa juani. Nikatandika lile lile gunia. Nikamkalisha Mbiti na kuweka muthokoi kando yake. Nikageukia vichaka kama nilivyomwona Susu akifanya, nikasema, "Tumekuletea. Ni mzima. Ameoga." Mbiti alinitazama akacheka, akapiga gunia kwa viganja vyote viwili. Niliondoka bila kugeuka, maana mtu akikabidhi kitu hasimami kukikodolea macho.

Nilipofika jikoni nilisikia jinsi nyumba ilivyo kimya. Nilikuwa nimetarajia kuona fahari. Badala yake nilikaa kizingitini nikiangalia fulana yake iliyotoboka pale nilipoitupa. Sijui nilikaa muda gani. Nilimwona mama akipanda kutoka mtoni, ameinama, mtungi wa plastiki mgongoni na mkanda wa ngozi ukiwa umemkaza paji la uso kama wanawake wetu wanavyobeba. Alitazama mtungi mwingine uliolala mtupu mlangoni, kisha akanitazama.

"Mtoto ako wapi?"

"Nimemrudisha."

"Umemrudisha wapi?"

"Kwa mwenyewe," nikasema, na nikaelekeza kidole.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile, na sitaki kuuona tena. Alitikisa kichwa mara moja, mkanda ukamtoka, mtungi ukaanguka ukapasuka, na maji ya nusu siku yakaingia mchangani. Yeye alikuwa ameshakimbia. Alipita ua wa miiba mahali pasipo na mlango. Nilimfuata nikilia, ingawa sikujua bado ninalia nini.

Fisi alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye gunia, shingo ameinyoosha, pua chini, ananusa muthokoi. Mbiti alikuwa amemnyooshea mkono uliojaa mahindi. Nasema nilichokiona, alikuwa anampa. Ndipo mama akapiga kelele. Alipiga kelele akikimbia, sauti ambayo sikujua anayo, kwa Kikamba chetu, "Mwana wakwa! Ni wakwa! Ni mwana wakwa!" Mtoto wangu. Ni wangu. Ni mtoto wangu. Alisema hivyo mara nyingi hata siwezi kuhesabu, bila fimbo wala jiwe mkononi, na fisi akainua kichwa, akamwangalia, akageuka na mguu wake mbovu, akaingia vichakani bila haraka.

Mama alianguka magotini, akamkumbatia Mbiti, akambusu kichwani, machoni, tumboni, kwenye miguu iliyopakwa mafuta. Gauni jeupe lilijaa damu, damu ya mama, kwa sababu miiba ilikuwa imemchana mikono yote. Alimwita majina yote ambayo alikuwa akimwita yule msichana wetu aliyekufa. Mimi nilisimama kando. Halafu ghafla akanyamaza. Akainua macho kuelekea vichakani alikoingia fisi, na taratibu akajiziba mdomo kwa mkono.

Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa papo hapo. Alikuwa amesema. Amesema kwa sauti, mahali pa wazi, mbele ya fisi mwenyewe, kwamba mtoto ni wake. Miezi yote ile ya makamasi na fulana iliyotoboka ilikuwa imevunjwa kwa pumzi moja. Aliokota vumbi jekundu la kichuguu akampaka Mbiti usoni juu ya yale mafuta, akawa anasema, "Kitu mbaya hii. Kanuka haka. Nani anataka kitu kama hii." Mbiti alidhani anachezewa, akazidi kucheka.

Hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga. Alinishika kidevu akanigeuza nimtazame. "Hii maneno nimesema hapa, usiambie Susu," akasema. "Usiambie mtu yeyote. Na yeye usimwambie hata akiwa mkubwa. Umesikia, Mwende?" Nikasema nimesikia. Tulirudi nyumbani, akaweka mtoto chini, akaenda tena mtoni.

Mvua ilinyesha wiki chache baadaye, wanyama wakarudi walikotoka, na fisi yule hatukumwona tena. Watu wengine waliona mambo yamekwisha. Kwa mama yalikuwa ndiyo yameanza. Aliishi kama mtu aliyeacha mlango wazi na hajui ni nani aliyeingia. Mbiti akikohoa, mama hakulala. Na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyozidi kumnyima neno zuri, ili kufuta yale aliyoyasema. Mbiti alipoongoza darasani alileta karatasi yake mbio kutoka shuleni, na mama akasema, "Ni sawa, weka hapo." Mimi nilikuwa nikishika namba za katikati na alinichinjia kuku. Mbiti alipofuzu ufundi wa ujenzi na kupata kazi Kikima, alimjengea mama nyumba hii ya mawe tuliyoketi ndani yake. Mama aliizunguka yote, akagusa kila dirisha, akasema, "Imesimama." Siku ya harusi ya Mbiti, akina mama walipoitwa mbele kumbariki bwana harusi, wetu alikuwa jikoni akisugua masufuria ya watu. Niliona uso wa ndugu yangu siku hiyo. Nikaangalia chini.

Ningeweza kumwambia. Ninaishi Sultan Hamud, nina duka la vitambaa na simu mbili, nimesomesha watoto, na hata hivyo kila nilipotaka kufungua mdomo nilimwona mama amejiziba wake. Nilijiambia ni ahadi. Ukweli ni kwamba niliogopa vitu viwili, kwamba Mbiti atajua nilichomfanyia, na kwamba kuna kitu kitasikia.

Sasa alikuwa amekaa mbele yangu sakafuni, mtu wa mvi mbili tatu ndevuni, akinitazama nilivyolikumbatia gunia. "Wewe ulikuwa Mwende," akasema, bila hasira. "Mimi nilipewa jina ya mnyama. Nimeikubali, ni jina yangu. Lakini hata kule hospitali, nimemshika mkono, nikangoja. Nilidhani ataniita mtoto wake, hata mara moja tu. Akaniuliza kama nimefunga mbuzi."

"Alikuita," nikasema. "Mara moja. Mimi nilikuwa hapo."

Nikamweleza yote, gunia, Mama Syombua, Madoa, maji ya kunywa, gauni jeupe. Sikujipunguzia lolote. Nilipofika kwenye jani la mbono alinikatiza. "Ngoja. Uliniwekea muthokoi?" Nikamwambia ndiyo. "Sasa ilikuwa yangu ama ya fisi?" Nikamwambia ya fisi. Akacheka hadi akashika ukuta, halafu kicheko kikamwishia, akapangusa macho kwa mkono wa shati. Nikaendelea. Nikamweleza mtungi ulivyopasuka na miiba aliyoipita mama. Nilipofika kwenye yale maneno nilijikuta nimeshusha sauti na nimegeuka kutazama dirishani, kule kilipo kichuguu, ambacho kimeliwa na mvua na sasa ni kilima kidogo tu chenye nyasi. Nikamnong'oneza alichosema mama.

Akanyoosha mkono, nikampa gunia. "Alisema hivyo?" akauliza. "Polepole hivyo?"

"Hapana. Alipiga kelele."

"Basi sema vile alisema."

"Watu watasikia, Mbiti."

"Wasikie."

Nikainuka. Nikatoka hadi mlangoni pa nyumba aliyoijenga, nikageukia upande wa kichuguu, na kwa nguvu zote za kifua changu nikapiga kelele maneno ya mama, mara ya kwanza, na ya pili. Kwa Mama Syombua mbwa alibweka na mtu akatoka nje kuangalia. Nyuma yangu ndugu yangu alikuwa amesimama, gunia amelishikilia kifuani.

"Tena," akasema.